Ross Barnes hakuangushwa na sheria peke yake
Unayeuliza kama Ross Barnes, mpigaji wa besiboli wa Marekani, alibebwa na sheria za besiboli ya zamani: kwa kiasi fulani, ndiyo. Mwaka 1876, msimu wa kwanza wa National League (ligi kubwa ya besiboli ya Marekani), aliongoza wapigaji wote akiwa na timu ya Chicago, wastani 0.429, yaani zaidi ya mipigo 4 safi kwa kila zamu 10 za kupiga. Enzi hizo mpira ukidunda kwanza ndani ya mstari wa pembeni wa uwanja kisha ukakimbilia nje, ulikuwa halali, na Barnes alikuwa fundi hasa wa mpigo huo. Sheria ikabadilishwa 1877, mpigo huo ukawa si halali tena, akashuka hadi 0.272. Lakini mwaka huohuo aliugua, akakosa mechi nyingi, na hilo watu hulisahau! Kumwita mbabaishaji ni kumwonea.