Maswali yenu: michezo ya uani kwa mtoto mwenye sindromu ya Down

Mwanangu ana miaka mitatu, ameanza kutembea juzijuzi tu na anaanguka sana. Majirani wananiambia nimkalishe asije akaumia. (Mama, Pasua, Moshi)

Mama, usimkalishe. Wengi wenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa mwili na akili, huanza kutembea wakiwa na miaka kama miwili, na wapo wanaofikisha hata minne. Wamezaliwa na misuli milegevu, maungio yanayopinda kupita kiasi na mara nyingi nyayo bapa, ndiyo maana mwili unachelewa kujishikilia. Misuli hiyo hukazwa na matumizi.

Mpe kiti cha plastiki akisukume uani. Sokota kanga uilaze chini, avuke bila kuikanyaga. Tawanya magunzi, ayaokote moja moja ayatie kwenye beseni. Kila gunzi ni kuchuchumaa na kuinuka, kazi ambayo ukimwamuru aifanye kama zoezi ataigomea. Dakika kumi asubuhi na kumi jioni zinafaa kuliko saa nzima ya kumchosha. Macho yake nayo yapimwe, kwani wengi wao hawaoni vizuri, na asiyeiona ngazi ataikosa.

Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu ana miaka tisa. Tukicheza rede wenzake wanamtoa, wanasema anachelewa kukwepa mpira. (Dada mtu, Sakina, Arusha)

Marahaba binti yangu. Nimefurahi umeuliza wewe, kwa sababu mtoto hucheza na ndugu zake kwa moyo kuliko na mtaalamu yeyote.

Rede ina karibu kila anachohitaji: kurusha kwa kulenga, kukwepa, kuchuchumaa, na kujaza mchanga kwenye chupa, ambayo ni kazi nzuri ya vidole. Kinachomshinda ni kasi ya mpira tu. Basi fungeni mpira wa matambara, mkubwa na mlaini. Wanaorusha warudi nyuma hatua chache na walenge chini ya magoti. Chupa yake iwe ya mdomo mpana. Siku akianza kukwepa vizuri, wasogee karibu kidogo.

Sheria nyingine zibaki kama zilivyo. Akipigwa na mpira atoke kama wenzake, asubiri zamu. Msimweke mchezoni kwa huruma tu, awe mtu asiyehesabiwa; anaelewa, na anaumia.

Halafu kuna hili la kumfundisha. Watoto hawa hushika upesi wanachokiona kuliko wanachoelezwa. Simama kando yake, fanya, kisha mwache afanye. Ukimwambia "rusha", nyamaza usubiri. Anahitaji muda kuupanga mwili wake, nasi wakubwa kwa haraka zetu humvuta mkono kabla hajaanza. Nawasihi sana, acheni kumvuta mkono.

Mjukuu wangu anapiga sarakasi kitandani, anabinuka kichwa chini. Wazazi wake wanacheka, mimi naogopa. (Babu, Kibosho)

Shikamoo babu. Hofu yako ina msingi, na wazazi wakusikilize. Kwa baadhi ya watoto hawa, pingili mbili za juu kabisa za shingo hazishikani sawasawa. Zikihama zinaweza kubana neva kuu inayopita ndani ya uti wa mgongo. Wengi hawapatwi na madhara, lakini kubinuka na kurukaruka kitandani kuachwe mpaka daktari amwone.

Ishara za hatari ni shingo kuuma au kupinda upande, mwendo kubadilika, mikono au miguu kuishiwa nguvu, au kuanza tena kujikojolea baada ya kuacha. Ukiona hata moja, mchezo usimame na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. KCMC haiko mbali nanyi.

Na moyo je? Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo. Kama hajawahi kupimwa, apimwe kabla ya michezo ya mbio.

Nimemnunulia kijana wangu wa miaka kumi gemu ya televisheni, ile ya kurusha mikono kama unapiga tenisi. Ina faida? (Baba, Njiro, Arusha)

Inayo. Utafiti wa Taiwan uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia watoto wa miaka 7 hadi 12 wenye sindromu ya Down, na waliocheza gemu za Wii, za aina hiyo hiyo ya kurusha mikono, walipiga hatua kubwa zaidi katika ustadi wa kuutumia mwili kuliko waliopewa tiba ya kawaida. Cheza naye, usimwachie rimoti ukaondoka. Ila sebule haina mabonde wala wenzake wa kumkimbiza, kwa hiyo jioni atoke.

Kwa umri wake ningefikiria pia baiskeli. Toa pedeli, shusha kiti mpaka nyayo zote mbili zikanyage chini, ajisukume kwa miguu kwenye kiwanja tambarare, mbali na magari. Akiweza kuinua miguu yote akateleza bila kuyumba, rudisha pedeli.