Maana ya "pull out all the stops"

Mdogo wangu wa Uyole, umeuliza kama maneno "pull out all the stops", uliyoyakuta katika barua ya mwajiri wako mpya, yanahusu kuondoa vituo vya basi. Hayahusu. Msemo huo umetokana na kinanda cha mabomba cha makanisa ya Ulaya, ambacho mpigaji wake huwa na vishikio, viitwavyo "stops" kwa Kiingereza, karibu na vibao vya kupigia, na kila anapokivuta kimoja, safu nyingine ya mabomba hupata hewa, hata akivivuta vyote sauti hujaa kanisa zima. Mwandishi Mwingereza Matthew Arnold aliitumia picha hiyo kwa mafumbo mwaka 1865.

Kwa Kiswahili ningesema "kwa udi na uvumba", ninaoupendelea kuliko "kufa na kupona", kwa kuwa nao unagusa kutumia kila njia iliyopo, si kutoka jasho tu. Zingatia, tafadhali, kwamba Waingereza huutumia zaidi kwa jambo maalumu, mithili ya familia ya Tukuyu inayopokea wakwe: jogoo amechinjwa, viti vimeazimwa kwa majirani, ndizi zimo jikoni tangu alfajiri. Kwa hiyo, unapomjibu mwajiri, usiandike kwamba unafanya hivyo kila siku. Andika kwamba utafanya hivyo kazi itakapozidi.