Akaunti bandia ya duka langu imeripotiwa na watu wengi: mbona haifungwi?

Swali: Ninauza vitenge kupitia Instagram. Kuna mtu amefungua akaunti yenye jina linalokaribia la duka langu, ameweka picha zangu na anapokea fedha za wateja. Ndugu na wateja wengi wameiripoti, lakini bado ipo. Nifanye nini? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Pole sana, ndugu msomaji. Wingi wa ripoti si kigezo cha kufunga akaunti. Pengine wengi waliokusaidia walichagua sababu ya ujumbe taka, ilhali kosa lenyewe ni kujifanya mtu mwingine, na kosa hilo Instagram hulishughulikia linaporipotiwa na mwenye jina au mwakilishi wake. Kwa hiyo ripoti yenye uzito ni yako wewe.

Kabla ya kuituma, kusanya ushahidi, kwa sababu tapeli akishtuka hubadilisha jina. Ikiwa amekublock, tumia simu ya mtu unayemwamini. Piga picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti na ulisome herufi kwa herufi, kwani mara nyingi tofauti ni nukta moja iliyoongezwa au tarakimu 1 iliyowekwa mahali pa herufi l. Nakili kiungo chake, kisha ufungue sehemu ya maelezo kuhusu akaunti, ambayo kwa akaunti nyingi huonyesha tarehe ya kujiunga na kama jina limewahi kubadilishwa.

Picha ulizopiga mwenyewe zinakupa njia ya pili, yaani madai ya hakimiliki, ambayo mimi naithamini sana kwa wafanyabiashara. Zingatia tu kwamba, tofauti na ripoti za kawaida ambazo ni za siri, katika madai haya jina na baruapepe yako vinaweza kumfikia unayemlalamikia. Tumia baruapepe ya biashara.

Mteja aliyekwisha kulipa asisubiri Instagram. Apigie mtandao wake wa simu mara moja, kabla fedha hazijatolewa kwa wakala, na ujumbe wa kitapeli autume kwenda 15040, namba ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kisha aende polisi kuchukua RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yake, maana kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Asifute mazungumzo wala ujumbe wa muamala, kwa kuwa ndimo ilimo namba iliyopokea fedha.