Mwenye njia mmemwambia?

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilisema: "Umewahi kulala kwenye hema kwa hiari yako? Wapi, na ungemwambia nini anayetaka kujaribu?" Hayo maneno "kwa hiari yako" yalinichekesha, maana sisi wa Kigoma hema tunalijua kwa upande wake mwingine. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo tangu 1996. Mei 2015 watu waliokimbia Burundi walijaa Kagunga, kijiji cha mpakani ufukweni mwa ziwa, meli ya MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta mjini, na uwanja wa Lake Tanganyika ukageuka mahali pa kuwapokea. Kwa hiyo nilipomwambia mama kwamba nimenunua hema na ninakwenda kulala ndani yake ufukweni, aliweka ungo chini, akanitazama. "Nani amekufukuza?"

Hakuna aliyenifukuza. Ilikuwa Julai 2024, mimi, shemeji yangu na mwalimu mmoja rafiki yake, siku tatu za mapumziko. Tulichagua upande wa Ilagala, pale Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika, kwa sababu mbili ambazo tuliziona za maana sana. Kwanza kiangazi. Pili, ziwa lilikuwa limefungwa, hakuna kuvua kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa hiyo mwalo utakuwa kimya: hakuna injini za mitumbwi, hakuna kelele za wachuuzi wa dagaa alfajiri. Hatukujiuliza kwamba wale wenye kelele ndio wangetuambia pa kulala.

Kijijini tuliambiwa tulale karibu na nyumba za watu. Tukaitika "sawa", tukapita. Tulitaka kuona maji tukifungua zipu.

Tulipopata pale mahali tulishangilia. Mbele ziwa, kushoto matete na mafunjo, na kati yake uwanja wa majani mafupi kama umefyekwa jana. Hata njia ilikuwepo, imenyooka kutoka majini kwenda bara, mifereji miwili na tuta dogo la nyasi katikati, kama njia ya mkokoteni. Mwalimu akasema wenyeji wanapitisha mizigo ya mawese hapo. Tukasimamisha hema juu yake kabisa, kwa kuwa ndipo palipokuwa tambarare na pakavu. Kando kulikuwa na vichaka vilivyopakwa kitu kikavu chenye nyuzinyuzi za majani, hadi urefu wa kiuno changu. Nilikiona. Nikadhani ni tope la mafuriko.

Jua likiwa limebaki kidogo akaja mzee mwenye panga na ndoo ya ngazi za michikichi, yaani vichane vya matunda yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Hicho kibanda kinahama saa ngapi?"

"Tunalala hapa mpaka Jumapili, mzee."

"Na mwenye njia mmemwambia?"

Shemeji akajibu kwa adabu kwamba mkokoteni ukija tutausogezea hema. Mzee akacheka mpaka akaweka ndoo chini. Kisha akatuonyesha kwa ncha ya panga, taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Mkokoteni unavutwa na ng'ombe au mtu, sasa kwato ziko wapi? Nyayo za watu ziko wapi? Kiboko ana tumbo pana, miguu ya kulia inakwenda kwake na ya kushoto kwake, ndiyo maana katikati nyasi zinabaki. Majani mafupi ni yeye anayeyakata kwa midomo, usiku baada ya usiku. Na lile tope la mafuriko ni kinyesi, anakitawanya kwa mkia akipita. Mchana yumo majini, giza likiingia anatoka kwenda kula. Akikuta kitu kati yake na maji, haulizi.

Tuling'oa hema kwa dakika ambazo sikuzihesabu. Mzee alitupeleka kama mita mia tatu juu, chini ya michikichi, karibu na mji wake, akakataa hela, akakubali sukari. Usiku tulisikia ile sauti yao, kama mtu anayecheka ndani ya pipa. Asubuhi nilirudi kuangalia. Matundu ya vigingi vyetu yalikuwa bado yapo, na moja lilikuwa limekanyagwa: wayo wa vidole vinne, mpana kuliko sahani ya wali.

Kwa hiyo jibu langu kwa anayetaka kujaribu ni hili: hema lolote litafaa, kiwanja ndicho cha kuuliza, na aulizwe mtu anayelala hapo kila siku. Sisi tulitumia wiki mbili kubishana kuhusu hema la kununua na dakika tano kuchagua pa kulisimamisha.

Mengine nitayapitia upesi, ila unyevu unahitaji maneno yake. Mvua huku kwetu huisha Mei, na mtu wa mjini anadhani Julai ardhi imekauka. Malagarasi hauendi hivyo. Kabla ya kufika ziwani unapitia ardhioevu kubwa ya Malagarasi-Muyovozi, ile iliyokuwa ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000. Maji ya masika yanakaa humo, mto unayaachia kidogo kidogo. Ukifika mdomoni mwa mto wakati wa kiangazi, juu mchanga mkavu, chimba kiganja kimoja unakuta ubaridi, viwili unakuta maji. Weka turubai chini ya hema, na lisitokeze nje ya kitako chake. Likitokeza linakusanya umande na kukuletea ndani. Usiku wa kwanza tulifunga kila zipu kwa woga, tukaamka godoro limelowa na hakuna tone la mvua lililonyesha. Ni pumzi zetu watu watatu, zimeganda kwenye kitambaa. Acha madirisha ya chandarua wazi, hata ukiogopa.

Chandarua chenyewe kikague kwa tochi kabla ya jua kuzama. Mkoa wetu na jirani zetu wa Tabora tumo miongoni mwa mikoa inayosumbuliwa sana na malaria, na mbu anayeileta huuma usiku, wakati ule ule mnapokaa kwenye moto mkipiga hadithi. Mikono mirefu, soksi. Kuoga, chota kwa ndoo ukaoge mbali. Kwenye matete mna mamba, na kwenye maji yaliyotulia yenye magugu mna konokono wa kichocho. Ya kunywa chemsha, hata kama ziwa linaonekana safi kama kioo.

Usiku wa pili upepo wa kusini ulitushikisha adabu. Vigingi vinavyokuja na hema (marehemu babu aliviita "mambo", nikawa simwelewi akisema "piga mambo") ni vyembamba, vimetengenezwa kwa udongo mgumu. Kwenye mchanga viling'oka kimoja kimoja kama karanga. Mzee akatuonyesha tena: jaza kiroba mchanga, funga kamba katikati yake, kizike kwa kina cha mkono hadi kiwiko, kandamiza. Upepo uliendelea, hema halikuhama.

Kuhusu wale wenye magari yenye vitanda na jiko ndani, ambao mara moja moja huonekana wakipita mjini, siwaonei wivu kwenye udongo huu. Uzito ule ukiacha barabara, ukoko wa juu unapasuka na gari linakaa kitako. Watu wa kinamasi wenzetu wana akili nyingine: huko Florida, Marekani, ndani ya hifadhi ya Everglades, wenye mitumbwi husimamisha mahema juu ya majukwaa ya mbao yaliyojengwa juu ya maji. Nilipoona picha nikasema, hiki si kichanja tu? Sisi tunaanikia dagaa, wao wanalalia. Na mzee wa Ilagala ana ulingo shambani wa kufukuzia nyani, nguzo nne na ngazi. Nimemwomba Juni ijayo tulale juu yake. Amekubali, kwa masharti ya sukari kilo mbili na kwamba nyani wakija, tutaamka sisi.

Tatizo ni hema. La ndani ninalo, ila turubai la juu mama alilichukua tuliporudi. Linafaa sana kuanikia muhogo, anasema, na sijui nitalirudishaje.