Huo muhuri urudishe kwenye droo kwanza

Unataka kujitegemea kama injinia wa stima, na umeniuliza mambo matano: ada ya kutoza, bima, ofisi ya kukodi, programu ya kuchorea, na kama uache kazi sasa ama ungoje Desemba. Halafu katikati ya hayo, kama mtu anayetaja mvua, ukasema msanifu majengo rafiki yako amekupa kazi ya stima ya flati za Ruaka pamoja na jedwali la mizigo ya umeme, yaani hesabu ya umeme utakaotumika, la mjengo wake wa awali, "nibadilishe jina tu". Hapo ndipo chai iliponipalia.

Usibadilishe jina. Usigonge muhuri.

Mimi niligonga. Bodi ya Wahandisi ilikuwa imenisajili juzi tu, muhuri bado unanukia mpira, nikapewa flati 32 huko Kilimani. Msanifu, mdomo wa asali, akaniambia, "Injinia, hii ni pacha ya ile ya kwanza, nakili tu, benki inatusukuma." Nikanakili jioni moja. Nikajiona mjanja, nikajinunulia nyama choma.

Pacha gani! Ile ya kwanza ilichemsha maji kwa jua. Kwa hii, mwenye nyumba alibana pesa akaweka shawa za umeme, mbili kila flati, kilowati 5.5 kila moja. Msanifu alijua. Zilikuwa kwenye michoro yake ya mabafu, ambayo sikuifungua, maana injinia wa stima anatafuta nini bafuni?

Sasa piga hesabu. Wapangaji wote wanaoga saa kumi na moja na nusu alfajiri waiwahi foleni ya Ngong Road. Shawa moja tu kwa kila flati ni kilowati 176. Kwa fezi tatu, volti 415, hizo ni ampea 245. Breka kuu niliyochora, ile swichi inayojizima umeme ukizidi, ni ya ampea 250. Bado birika, bado lifti, bado pampu ya maji. Ikawa inaanguka kila asubuhi, nyumba nzima ina sabuni machoni, na wote wana namba yangu. Sijui nani aliwapa. Fundi akataka kuweka breka ya 400. Nilikimbia huko na ndara kumzuia, kwa sababu kebo niliyopiga hesabu kwa 250 ingeungua breka ikiwa imetulia tu.

Kebo mpya ghorofa zote, bodi kuu mpya, maombi ya transfoma kubwa zaidi. Wakili wa mwenye nyumba aliniandikia barua moja tu na gari langu likaenda. Miaka miwili nilipanda matatu za 46, matuta ya Kawangware nayajua kwa majina.

Na msanifu? Mkutanoni alikunja mikono: "Michoro ya stima ina muhuri wa injinia, si wangu." Mshenzi yule. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba alisema kweli.

Bima chukua, mimi sikuwa nayo. Ofisi ya nini, meza ya jikoni inatosha.

Kesho nenda Ruaka. Fungua michoro ya kila bafu, muulize mwenye mjengo maji yatachemshwa na nini, jikoni patapikwa na nini, na uandike jibu lake atie sahihi. Kisha anza hesabu kwenye karatasi tupu. Ukiileta hapa nitaipitia bure. Ile ya rafiki yako sitaifungua.