Ujerumani ninayoishi mimi

Juzi kwenye kundi la familia mdogo wangu aliniuliza: "Dada, mwaka wa sita huu uko Ujerumani, mbona picha zako zote ni mashamba ya viazi? Magorofa yako wapi?" Shangazi naye akaongeza kwamba pengine maisha yamenishinda, ndiyo maana najificha. Shangazi, shikamoo. Sijajificha. Huku ndiko niliko.

Wakala aliyenitafutia kazi alisema ni "karibu na Hamburg". Si karibu. Naishi Lüchow-Dannenberg, mashariki mwa jimbo la Niedersachsen, pembezoni mwa mto Elbe. Wenyeji huiita Wendland. Ukubwa wake ni takriban kilometa za mraba 1,200, na watu hawafiki 50,000. Hakuna wilaya ya vijijini Ujerumani nzima yenye watu wachache kuliko hii. Hakuna hata kipande cha Autobahn, zile barabara kuu za mwendo kasi. Basi la kijijini kwetu hufuata ratiba ya shule, kwa hiyo shule zikifungwa unakaa. Vijana wengi huondoka wakimaliza masomo, wazee hubaki, na kazi yangu ni hao wazee: naendesha gari nyumba hadi nyumba, nawaogesha, nawapa dawa, nawafunga bandeji.

Ni kwa wazee hao nilipojifunza nipo wapi. Vita vilipokwisha mwaka 1945 na nchi ikagawanywa, wilaya hii ilibaki upande wa magharibi, lakini ikachomoza kama ulimi ndani ya upande wa mashariki. Kaskazini, mashariki na kusini, kote mpaka. Daraja la reli la Dömitz, lililovuka Elbe kwenda upande wa mashariki, lililipuliwa kwa mabomu Aprili 1945 na hadi leo limekatika, nguzo zake zimesimama malishoni. La magari lilijengwa upya mwaka 1992 tu. Kiwanda gani kingekuja mahali ambapo barabara inaishia mtoni?

Kilichokuja ni taka. Mwaka 1977 serikali ya jimbo ilichagua Gorleben, kijiji cha wilaya hii, kuwa mahali pa kuzika taka za nyuklia ndani ya chumvi iliyo chini ya ardhi. Wakulima wakakataa. Mwaka 1979 waliendesha matrekta yao hadi Hannover, mji mkuu wa jimbo, na watu wapatao 100,000 wakawapokea. Wakaendelea kukataa miaka zaidi ya 40, mpaka Septemba 2020 Gorleben ikaondolewa kwenye orodha ya mahali panapofikiriwa kuzikia taka hizo. Lakini makasha 113 ya taka bado yamo ghalani hapo, juu ya ardhi. Ukipita vijijini utaona mbao mbili za njano zimepigiliwa kwa umbo la X mbele ya nyumba. Ni alama ya upinzani huo, na mimi nawaheshimu sana kwa hilo.

Vijiji vyenyewe ni vya mviringo: nyumba zimezunguka uwanja mmoja, nyuso zote zinatazama katikati. Majina mengi huishia -ow na -itz, kwa sababu hapa palikaa Wawendi, watu wa jamii ya Kislavoni, ndugu wa Wapolandi na Warusi kwa lugha. Lugha yao imekufa. Kijiji cha Süthen nakipita kila wiki, na huko mkulima aitwaye Johann Parum Schultze aliandika, yapata mwaka 1725, kwamba yeye na wengine watatu kijijini wakishaondoka, hakuna atakayejua mbwa anaitwaje kwa Kiwendi. Aliponisimulia hayo bibi mmoja ninayemhudumia, siku hiyo niliendesha gari nikilia.

Mdogo wangu, ukitaka kuja, njoo. Jifunze Kijerumani kabla, tena kwa bidii, maana wazee wa huku hawatazungumza nawe Kiingereza, na upate leseni ya udereva. Upweke wa Novemba, saa kumi na moja jioni giza limeshaingia, sitakuficha: ni mzito.

Na ukipiga simu Jumapili, ongea na mwanangu Kiswahili. Akijibu Kijerumani, mrudie polepole, usikate simu.