Anga za juu zatuhusu nini sisi wa visiwani?

Sheikh, umeuliza roketi zitatufaa nini wakati bei ya mwani tu inatushinda. Kwani hujui anga ilishafika Tunguu, hapa hapa Unguja? Wamarekani walijenga pale kituo cha mradi wa Mercury, mradi wao wa kwanza wa kurusha watu anga za juu, na mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia mara 3, Februari 1962, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyomfuatilia. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kikafungwa. Mitambo ilikuja na wenyewe, ikaondoka na wenyewe. Sisi tukabaki na hadithi.

Ndiyo maana mie roketi siililii, nalilia data. Satelaiti za Ulaya za Sentinel-2 hupiga picha pwani zetu kila siku 5 hivi, na picha ni bure. Nyengine hupima joto la bahari, na hilo joto ndilo linalotuulia kotoni, ule mwani wenye bei. Jirani yangu nahodha ana kijipiesi (GPS) chake, kinachomwonesha alipo kwa ishara za satelaiti, kakitia kwenye kopo kisiingie maji, na mwamba wenye changu anaurudia hata kiza kikuu.

Sasa niambie, pale shehiani kwenu kuna kijana hata mmoja anayejua kuzisoma picha hizo?